Sikio Linalopanda Mlima

Gari linalouzwa huamshwa mapema. Huoshwa, matairi hupakwa weusi, injini hufutwa mafuta, viti huvishwa nguo mpya. Si dhambi, maana kila mwuzaji hupamba bidhaa yake. Ila yupo mtu asiyeridhika na mng'ao huo, na ndiye ninayetaka kumsifu: fundi ambaye mnunuzi huja naye ili alijaribu gari kabla pesa hazijahesabiwa.

Huku kwetu, kati ya Beni, Butembo na Ziwa Edward, gari huja likiwa limekwisha kula chumvi. Mengi yametumika Japani, yakashushwa Mombasa, yakakata Kenya na Uganda, yakaingia Kongo kwa mpaka wa Kasindi. Hapo hubadili upande wa barabara: Uganda hupita kushoto, Kongo kulia. Usukani hubaki kulia, ulikowekwa kiwandani. Dereva hujikuta ameketi upande wa ukingo, na akitaka kulipita lori hana budi kulitokeza gari kabla ya macho yake. Mlango wa basi dogo, uliotengenezwa ufungukie kando ya njia, hufungukia katikati. Fundi mwema huanza na haya: hupima vioo, huona kwa macho ya dereva, hushuka kwa mlango wa abiria.

Kisha huitafuta njia itakayosema kweli, na Kyavinyonge inayo. Kijiji hiki cha wavuvi kimo ndani ya Mbuga ya Virunga, ufukoni mwa ziwa ambalo uso wake uko takriban mita 912 juu ya bahari. Anayekwenda Butembo kwa njia ya Kyondo huiacha tambarare na kupanda ukuta wa Bonde la Ufa, hadi milima iliyo juu ya ziwa kwa zaidi ya mita 1,000. Hewa hupungua njiani, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Kasoro iliyojificha barabarani mjini, mlimani haina pa kujificha.

Kabla ya yote fundi huweka kiganja juu ya injini. Ikiwa ina moto, husubiri ipoe, kwa sababu iliyopashwa mapema huficha ugumu wake wa kuwaka. Ikiwaka, huenda nyuma kutazama moshi. Wa buluu humwambia mafuta ya injini yanaungua. Mweusi, kwamba mazutu (dizeli) hayaungui yote. Mweupe usiokoma, kwamba huenda maji ya kupozea yanaingia mahali pa moto. Ndipo anapopanda, akazima redio, akawaomba wote wanyamaze.

Kwenye tambarare, hulegeza mikono aone kama gari linavutwa upande. Huzungusha usukani hadi mwisho na kwenda polepole. Mlio wa ta-ta-ta kutoka gurudumu la mbele ni wa kiungo cha ekseli kilichokwisha. Mlimani hukanyaga mafuta akiwa na vitesi (gia) ya tatu: injini ikinguruma bila mwendo kuongezeka, ambreyaji (klachi) inateleza. Husimama katikati ya mwinuko na kuondoka tena. Akishuka huachia mafuta bila kutoa vitesi, na kigingi cha vitesi kikichomoka chenyewe amepata jibu: vitesi zimechakaa. Chini hukaribisha kiganja kwenye kila gurudumu, kwani lililo na joto kupita wenzake lina freni iliyokwama. Mwisho huinua zulia. Gari lililobeba samaki wa chumvi hudondokewa na maji yao safari baada ya safari, na bati lake huoza huku rangi ya nje ikipendeza.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa gari lililotumika, kizuri hakijiuzi. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani George Akerlof alieleza sababu: mwuzaji analijua gari lake, mnunuzi halijui. Mnunuzi kwa hofu hutoa bei ya chini kwa wote, wenye magari mazima huyaondoa sokoni, na yanayobaki ni mabovu. Kazi hiyo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Basi fundi wetu humtumikia hata mwuzaji mwaminifu. Bila sikio lake, aliyetunza gari vizuri angelipwa sawa na aliyelitesa.

Lakini wapo wengine anaowatumikia zaidi, nao hawapo siku ya majaribio. Ni akina mama wanaopanda na samaki wao kuelekea soko la Butembo, mgonjwa anayewahishwa hospitali, mtoto anayerudi shule. Hawaulizwi kuhusu bei, wala hawataona chini ya zulia. Fundi anapokanyaga freni kwenye mteremko, anaikanyaga kwa niaba yao. Ndiyo maana hafai kuharakishwa na mwuzaji mwenye shughuli wala na mnunuzi aliyekwisha kupenda rangi.

Mlipeni ujira wake mzima, na zaidi siku atakayosema, "Usilichukue." Neno hilo humnyima shukrani za mwuzaji na furaha ya mnunuzi, naye hulisema vilevile. Ufundi wake wote, tangu kiganja juu ya injini iliyopoa, umefanywa ili neno hilo likisemwa liwe la kweli.