Ufundi wa Kusoma Kosa

Mwambie mwanafunzi wa kidato cha pili afungue mabano ya (a + b)². Mara nyingi ataandika a² + b², kisha ataweka kalamu chini kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi. Mwalimu mwenye haraka atapitisha wino mwekundu na kusonga mbele. Mwalimu fundi atasimama hapo hapo, kwa sababu anajua kosa hilo limetoka wapi. Mtoto alishafundishwa kwamba 2(a + b) ni 2a + 2b, akaona cha nje kikiingia ndani na kugusa kila kimoja. Sasa ameibeba kanuni ya kweli na kuipeleka mahali isipofanya kazi. Kosa lake lina akili ndani yake, na mwalimu anayeiona akili hiyo hawezi kumdharau mwenye kosa.

Basi anachukua chaki. Tuseme a ni 3 na b ni 4. Jumla ni 7, na 7 mara 7 ni 49. Lakini 9 na 16 ni 25 tu. Zile 24 zimekwenda wapi? Halijibu swali hilo. Anachora ubaoni mraba wenye upande wa 7, anaukata kwa mistari miwili pale 3 inapokutana na 4, na vinapatikana vipande vinne: mraba wa 9, mraba wa 16, na mistatili miwili ambayo hakuna aliyeifikiria, kila mmoja 12. Kuna kimya kifupi, halafu dawati la nyuma linaguna, na mtu anasema kwa sauti: kumbe!

Naamini kuridhika kwa mwalimu wa sekondari kunaanzia hapo. Zawadi za mahafali ni nzuri, na pongezi za Siku ya Walimu kila tarehe 5 Oktoba ni haki yake, lakini kinachomrudisha darasani Jumatatu asubuhi ni kule kuona fikra ya mtu mwingine ikigeuka mbele ya macho yake, naye akijua ni mkono wake ulioigeuza.

Mwanasaikolojia Frederick Herzberg na wenzake walichapisha mwaka 1959 matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu takriban 200 wa eneo la Pittsburgh, Marekani. Walichokiona ni kwamba yanayomridhisha mtu kazini na yanayomchukiza si pande mbili za jambo moja. Mshahara mdogo na usimamizi mbaya huchukiza, lakini hata vikirekebishwa haviwi furaha. Furaha hutoka katika kazi yenyewe na kufanikiwa ndani yake. Hawakuwahoji walimu, ila aliyekaa katika ofisi ya walimu atawaelewa upesi. Na wasomwe vizuri: mwalimu anayesubiri malimbikizo yake huku mwenye nyumba akigonga mlango hana utulivu wa kusoma kosa la mtu. Wanaomwambia kwamba ualimu ni wito ili asidai stahiki zake wanamuumiza mara mbili.

Sekondari ina raha yake ya pekee. Mwalimu hapa ni mtu wa somo moja au mawili, na somo hilo analipenda. Analifundisha mkondo A saa mbili, mkondo B saa nne, mkondo C baada ya mapumziko, mada ile ile. Wapo wanaodhani hiyo ni adhabu. Mafundi wanajua kwamba mkondo C hupata somo bora, kwa kuwa maswali ya A na B yameshaonyesha njia inateleza wapi. Wengine hubadilisha mpangilio wa mikondo kila wiki ili bahati hiyo izunguke. Jambo dogo, lakini nimelipenda tangu nilipolisikia.

Ndiyo maana darasa lililofurika linaumiza zaidi ya miguu na koo. Nchini Tanzania, shule za kata zilizoenea kuanzia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) wa 2004, na kufutwa kwa ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, viliwafikisha sekondari watoto ambao wasingefika kamwe. Ni neema kubwa. Lakini mwalimu mwenye madaftari mia mbili mezani hupata nafasi ya kuhesabu vyema na makosa tu, kusoma kunamshinda. Ananyimwa sehemu ya kazi inayompa uhai, na hakuna fomu ya madai yenye safu ya kuandika hasara hiyo.

Wanaodumu wamebuni njia. Wanachagua madaftari kumi na kuyasoma kwa kina leo, kumi mengine kesho. Wanauliza swali moja kabla kengele haijalia, wanakusanya vikaratasi na kuvipanga kwa aina ya kosa bila kutazama majina. Kisha mmoja anamgeukia jirani yake wa Fizikia: "Hebu mwalimu, tazama huyu amefikaje hapa?" Na watu wawili waliochoka wanainamia karatasi ile, wakibishana kwa hamu mpaka kengele ya kipindi kinachofuata.