Itazame Ikipanda Ngazi: Namna ya Kukagua Deraya ya Stormtrooper Iliyoundwa Nyumbani

Deraya ya Stormtrooper ikivishwa mdoli wa dukani hupendeza hata kama imeunganishwa ovyo. Mdoli hapumui, hakunji goti, hana kitambi wala makalio. Kwa hiyo anayetaka kuijua kazi ya fundi asianzie kwenye picha, wala kwenye mng'ao. Amwombe mvaaji apande ngazi tatu nne, anyanyue mkono wa kulia hadi usawa wa sikio, ageuke nyuma kama aliyeitwa jina, kisha ashuke. Dakika hiyo moja inatosha kuona mengi: bamba la paja likigongana na la muundi, bega likipanda na kukataa kurudi, ubavu ukiachama, mkanda ukizunguka hadi mfuko wa bunduki ukahamia tumboni. Kinachorudi mahali pake chenyewe, bila mvaaji kukigusa, ndicho kilichofungwa na mtu anayejua.

Hapa nazungumzia deraya nyeupe ya filamu ya kwanza ya Star Wars, ya mwaka 1977. Zimekuja nyingine baada yake, na baadhi ni rahisi kuvaa kuliko hii, lakini hii ndiyo inayompima fundi. Ralph McQuarrie ndiye aliyewachora kwanza Stormtrooper, askari wanaoivaa. Mavazi ya filamu yalisimamiwa na John Mollo, akapata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Mwili wa deraya ulifinyangwa kwa udongo na Brian Muir, na helmeti zilitolewa katika karakana ya Andrew Ainsworth huko Twickenham, London, kwa njia ya kupasha moto bamba la plastiki mpaka lilegee, kisha kulifyonza kwa pampu ya hewa likashika umbo la kalibu. Baada ya George Lucas, mwongozaji wa filamu, kuikubali sampuli, Ainsworth alitengeneza helmeti 50. Miaka mingi baadaye alianza kuuza nakala zake mwenyewe, akashtakiwa, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Uingereza, na mwaka 2011 majaji wakaamua kwamba helmeti ile si sanamu ya sanaa, ni kifaa cha kuchezea filamu tu. Wapenzi wa helmeti hiyo wengine hawajawasamehe majaji hadi leo.

Mimi naona majaji walitusaidia kukumbuka kwamba ni kifaa. Vazi lile liliundwa kwa haraka, kwa bajeti ya kubana, lionekane kwenye kioo kwa sekunde chache na kuondoka. Ndiyo maana helmeti ya asili imepinda: ukiitazama usoni, upande mmoja haufanani na wa pili, na mistari ya rangi imechorwa kwa mkono, ikatetemeka kidogo. Sasa ukiletewa helmeti ya "mwaka 1977" iliyonyooka kama imepimwa na mashine, jicho la kulia nakala kamili ya la kushoto, jua kwamba aliyeichora ameisahihisha. Inaweza kuwa kazi safi, lakini si ile. Huu ndio ugumu wa kuhukumu deraya hii: unatafuta ustadi mkubwa uliotumika kuiga kazi iliyofanywa mbiombio, na lazima ujue kasoro ipi ni ya urithi na ipi ni ya uvivu wa fundi aliye mbele yako.

Ishike helmeti mkononi, uigeuze. Ni vipande viwili vikubwa, uso na kisogo, vinavyokutana pembeni chini ya masikio. Sikio ndilo pa kutazama kwanza. Kila sikio ni kikombe cha plastiki kinachopaswa kukatwa kufuata mteremko wa helmeti, na mteremko huo haufanani popote. Fundi mvumilivu hukata kidogo, hujaribisha, hukata tena, na huenda jioni nzima ikaishia kwenye sikio moja. Fundi mwenye haraka hukata mara moja kisha huziba pengo kwa gundi au rangi nyeupe. Pitisha ukucha kuzunguka sikio zima. Ukucha ukizama, umeshapata jibu. Kisha tazama vioo vya macho: ni plastiki ya kijani iliyokoza, na isionyeshe mboni za mvaaji ukiwa hatua mbili mbele yake. Mdomo wenye meno hupakwa kijivu. Rangi ikiwa imemwagika nje ya meno kwa mtetemo wa mkono, hiyo ni sawa na asili. Ikiwa imemwagika kwa sababu brashi ilikuwa kubwa mno, utaitambua tu, huhitaji kufundishwa.

Ndani ya helmeti huwa hapatazamwi, na ndipo ninapopenda mimi. Je, kuna sponji zilizowekwa ili kichwa kisicheze, au mtu amejaza matambara? Kuna feni ndogo ya kupuliza hewa kwenye vioo visipate ukungu? Betri yake inafikiwa bila kufungua skrubu? Mvaaji wa helmeti hii huona mbele kidogo na chini haoni kabisa. Katika filamu yenyewe kuna askari mmoja anayejigonga kichwa kwenye mlango wakati kikosi kinaingia chumba cha kuongozea mitambo, na toleo la DVD la mwaka 2004 likamwongezea na sauti ya kugonga. Watu hucheka, lakini anayeunda helmeti alichukulie tukio hilo kama onyo la kitaalamu: helmeti inayocheza kichwani huhamisha matundu ya macho, na hata ule upenyo mdogo uliokuwapo unapotea.

Tuje kwenye mwili. Plastiki inayotumika na wengi ni ABS, unene wa milimita moja na nusu hadi mbili. Mikono na miguu huja nusu mbili mbili, ambazo mjenzi hukata kwa kipimo cha mwili wake, akaziunganisha ukingo kwa ukingo na kufunika mshono kwa ukanda wa plastiki hiyohiyo. Wajenzi wengi hufuata upana wa milimita 15 kwa mikono, 20 kwa mbele ya miguu na 25 kwa nyuma. Usipime kwa rula. Tazama tu kama ukanda umenyooka toka juu hadi chini na kama upana wake haubadiliki njiani. Ukanda unaopindapinda kama mto wa masika unaonyesha kwamba nusu zenyewe hazikukatwa sawa.

Uliza gundi iliyotumika. Swali hili huwatenganisha watu. Wengi waliobobea hutumia E6000, gundi nzito inayochukua siku moja hadi tatu kukauka sawasawa, huku vipande vimebanwa kwa sumaku na vibanio. Inaudhi kusubiri, ila ina hisani mbili: hubaki na unyumbufu mvaaji anapotembea, na ukikosea unaweza kuibandua bila kupasua plastiki. Supa glu hushika kwa sekunde, ni kweli, lakini hukauka ikawa ngumu kama kioo, na goti likikunjwa mara ya tatu mshono unalia. Tena huacha ukungu mweupe kando ya kiungo. Ukiuona ukungu huo upande wa ndani, huhitaji kuuliza.

Halafu kuna suala la miili. Deraya hii ilikatwa kwa mwanamume wa wastani, mwembamba kiasi, na wengi wetu si yeye. Mtu mnene huongezewa vipande ubavuni na mapajani. Mtu mfupi hupunguziwa muundi. Hapo ndipo kazi nzuri inapojificha hasa. Fundi makini hutunza mabaki yote ya plastiki aliyokata, akayatia kwenye chupa ya asetoni, ileile ya kutolea rangi ya kucha, yakayeyuka kuwa uji mzito mweupe. Uji huo hujazwa kwenye mshono, ukakauka ukawa plastiki ileile, kisha ukapigwa msasa wa maji hadi ukang'aa. Kwa sababu ni plastiki ya deraya yenyewe, rangi haitofautiani. Ikamate deraya ya mtu mnene, ielekeze kwenye dirisha ili mwanga upite kwa mshazari juu ya ubavu, utafute pale nyongeza ilipoanzia. Ukishindwa kupaona, mpe fundi mkono. (Na ukitaka kujaribu mwenyewe, fungua madirisha kwanza, mvuke wa asetoni si wa chumba cha kulala.)

Sasa mianya. Kati ya bamba la mgongo na la kiuno, kati ya kiuno na makalio, kati ya bega na mkono wa juu. Mwanya mdogo unaoonyesha nguo nyeusi ya ndani ni sehemu ya sura ya askari huyu, lakini uwe sawa pande zote mbili na usibadilike anapogeuka. Kosa ninaloliona zaidi ni mapaja yaliyoshuka. Mapaja ya plastiki ni mazito kuliko yanavyoonekana, na yasipotundikwa kwenye mkanda wa ndani kiunoni huteremka mpaka yakagonga magoti, na mvaaji akatembea kama mtu mwenye jiwe kiatuni. Kosa la pili ni mikono iliyo chini mno, kiwiko kikawa hakikunjiki.

Pindua kila kipande uone vifungo. Vifungo vya kubonyeza vilivyoshonwa kwenye mikanda ya nailoni na kubandikwa ndani ya plastiki ndivyo vinavyodumu. Velkro hupiga kelele, hujaa nyuzi, na jasho huilegeza, ijapokuwa nyuma ya miundi, panapofunguliwa ili mguu uingie, inakubalika. Lastiki iwe pale mwili unapotanuka, kifuani na ubavuni. Nailoni isiyovutika iwe pale uzito unaponing'inia. Ukiikuta lastiki ikibeba mapaja, mtu huyo hajawahi kutembea nayo zaidi ya uani kwao.

Halafu pitisha soksi ya nailoni kwenye kingo zote za ndani: kwapani, kinenani, nyuma ya goti. Ikinasa popote, hapo ngozi itang'atwa. Fundi mzuri huzungusha kingo kwa msasa hata zile ambazo hakuna atakayeziona, na wavaaji wa siku nyingi huwa na makovu madogo yanayoeleza kwa nini.

Kuna chama cha kimataifa cha wavaaji, 501st Legion, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1997 na Albin Johnson, ambacho wanachama wake huvaa mavazi haya hospitalini na kwenye shughuli za hisani. Kina vigezo vilivyoandikwa vya kila vazi, hadi idadi ya skrubu, na kikosi chake cha Stormtrooper kina daraja za juu zaidi, ya kilele ikiitwa Centurion. Vigezo hivyo vimeinua kazi ya watu wengi na anayeanza asivipuuze. Ila ukaguzi hufanyika kwa picha. Picha, kama yule mdoli, haikunji goti, na simhukumu mtu kwa cheo chake mpaka nimwone akishuka ngazi.

Wenye bajeti ndogo hutumia sponji ngumu ya EVA, jamii ileile ya ndala tunazovaa nyumbani na mikeka ya kuunganisha ya watoto. Hukatwa kwa kisu kikali, hupashwa hewa moto ikapindwa, hubandikwa kwa gundi ya mafundi viatu. Hii si deraya ya daraja la chini, ni kazi nyingine yenye sheria zake. Kwake tazama mambo mawili tu: kata zake ziwe na pembe kali bila meno ya kisu butu, na uso wake uwe umezibwa vizuri kabla ya rangi, maana sponji isiyozibwa hunywa rangi ikabaki na vitundu. Kwa jua la Mombasa na Dar es Salaam, ogopa pia joto la buti la gari. Vipande vilivyochapwa kwa mashine ya 3D kwa plastiki ya PLA huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, na gari lililoegeshwa mchana linaweza kukaribia hapo. ABS huvumilia joto zaidi, ila ile isiyo na kinga ya jua huwa ya manjano ikiachwa dirishani miaka.

Kama unanunua iliyotumika, mengine ni ya haraka. Buti ziwe nyeupe, fupi, bila kamba. Nguo ya ndani iwe nyeusi tii, isiyo na maandishi ya kampuni ya michezo yanayochungulia shingoni. Mfuko wa bunduki ukae kushoto. Pakiti ndogo za risasi ziwe chini ya paja la kulia. Na lile bamba la goti lenye umbo la almasi ni la mguu wa kushoto; muuzaji akikuonyesha liko kulia huku akikuapia kwamba ameikopi filamu fremu kwa fremu, punguza bei.