Sabuni Hujulikana Inapotoka

Gulioni Omurushaka yuko mchuuzi mwenye beseni jekundu na kipaza sauti ambaye, kila anapotia kijiko cha sabuni ya unga majini na kuyavuruga mpaka povu likafurika ukingoni, hushangiliwa na watu wazima wenye akili timamu kana kwamba wameona muujiza. Na siku moja nilimsikia mama mmoja, aliyembeba mwana ambaye mikunjo ya viwiko vyake imebabuka kwa pumu ya ngozi hata inang'aa, akiisifu sabuni hiyo kwa jirani yake kwamba ni njema mno, kwa kuwa nguo hubaki ikinukia mpaka siku ya tatu. Sikusema neno, maana si adabu kudakia mazungumzo ya watu. Lakini kalamu haina haya hiyo. Nguo inayonukia sabuni siku ya tatu ni nguo yenye sabuni siku ya tatu, nayo ndiyo inayomla mwana yule.

Povu la beseni la kufulia si kipimo cha kitu chochote. Wenye viwanda huliongeza kwa makusudi kwa sababu mnunuzi hulipenda, na kwa sababu hiyo hiyo huongeza manukato, ambayo ni miongoni mwa vichokozi vikubwa vya ngozi dhaifu. Ngozi yenye afya ina uchachu wake mdogo, ambao wenye maabara huuandika karibu na 5 katika kipimo cha pH, ilhali mche wa sabuni ya kufulia, hata ulio mzuri, hukaa baina ya 9 na 10, upande wa pili wa kipimo hicho; mwenye ngozi madhubuti hupatwa na ukali huo kisha ngozi ikajirudi baada ya muda, lakini mwenye pumu ya ngozi, ambaye aghalabu amerithi ngozi isiyoweza kujihifadhi, hana nguvu ya kujirudi upesi. Muradi wa mjuzi, basi, si kuuliza jinsi sabuni inavyoingia katika nguo. Ni kuuliza jinsi inavyotoka.

Katika kuchagua, mche hutangulia unga, na unga hutangulia sabuni ya maji. Mche wa rangi ya maziwa au ya kahawia, usio na harufu ila ya mafuta yake, ndio wa mtoto; mche wa buluu haumfai, nami sitaki kuulizwa sababu. Unga mara nyingi hutiwa dawa ya kung'arisha, iliyokusudiwa kubaki katika uzi ili nguo iakisi mwanga, na sabuni ya maji hutiwa dawa za kuzuia kuoza, ambazo baadhi yake madaktari wanazijua kwa kuwasha. Picha ya mtoto mchanga anayecheka juu ya pakiti si ushahidi wa lolote. Dawa ya kulainisha nguo ni manukato yaliyovaa jina jingine.

Walakini mche nao una ghashi yake. Wako wanaoujaza maji na silikati upate uzito, na wako wenye maduka wanaoufunika kwa gunia bichi usije ukapungua kabla haujauzwa. Ukifika nyumbani, baada ya juma moja hupinda, husinyaa, na kutoka unga mweupe usoni. Mjuzi huukata kwa uzi akautazama moyo: ukiwa mbichi na mweusi kuliko kingo, sabuni hiyo haijakomaa. Dobi mmoja wa Kayanga, mzee wa pasi ya mkaa ambaye mfano wake siuoni tena, alikuwa akiipanga miche darini juu ya jiko mwezi mzima kabla ya kuigusa, na mteja mwenye haraka aliambiwa aende kwa dobi mwingine. Na katika miaka ya uhaba iliyofuata Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mche ulipokuwa ukionekana kwa foleni tu, nilimjua bibi mmoja wa Nkwenda aliyepika sabuni kwa mafuta ya ng'ombe na majivu ya maganda ya ndizi, naye kabla ya kumpa mtu kipande alikigusa kwa ncha ya ulimi. Kikimchoma, alikirudisha chunguni. Siku hizi hakuna anayelamba sabuni, na ngozi za watoto zinatoa habari.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo asiye mjuzi hulipita kila mara, nalo ni pindo. Mfuaji wa kawaida huitosa nguo katika beseni la pili, akaikamua katikati, akaianika. Kifua na mgongo wa nguo hutoka safi, kwa kuwa huko kitambaa ni kimoja na maji hupita. Lakini penye pindo, ukosi, kwapa na kiuno cha suruali, kitambaa kimekunjwa mara mbili au tatu kikashonwa, na sabuni iliyoingia humo haitoki kwa kutoswa. Hukauka humo ikangoja. Mtoto akivaa, akacheza, akatoka jasho, jasho huiyeyusha upya, ikashukia shingoni, kwenye viwiko, nyuma ya magoti, yaani pale pale ambapo pumu ya ngozi hupenda kukaa. Ndipo mama husema kwamba ugonjwa umerudi wenyewe.

Yule dobi wa Kayanga hakuipima sabuni mpya katika beseni, bali katika nguo iliyokwisha kauka. Alichukua ncha ya pindo, akaichovya katika bakuli dogo la maji ya mvua, akaifinya kwa kidole gumba mara kadhaa, akayamimina maji yale katika chupa ya kioo, akaziba, akatikisa, akaiweka dirishani na kurudi kwenye pasi yake. Vijipovu vilivyovunjika upesi alivisamehe. Lakini povu likiwa lingali limesimama alipomaliza shati la pili, sabuni ilirudi dukani. Na alipofua nguo za mtoto aligeuza kila pindo nje, akalisugua ndani ya maji matupu, akasuuza mara tatu, na katika maji ya tatu sharti aone kucha zake chini ya beseni.

Maji nayo ni nusu ya kazi. Maji magumu hushikana na mche yakafanya utando usiosuuzika, ndiyo maana mwenye tangi la mvua, ambaye katika vilima vyetu si mtu adimu, ameshinda nusu ya vita bila kununua kitu. Wala maji hayaponyi. Msafiri Stanley, aliyefika Karagwe mwaka 1876 katika zama za mfalme Rumanyika, alipiga kambi kwenye chemchemi za moto za Mtagata, ambazo leo ziko Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, akawakuta wagonjwa waliokuja kuoga kwa matumaini. Naye akaoga, kisha akakiri kwamba, ukiacha kutakata kuliko desturi, hakuona faida. Laiti wauza sabuni wangekuwa na ukweli huo.

Nguo za shambani zenye utomvu wa migomba, ambao hautoki ila kwa dawa kali, zifuliwe katika beseni la peke yake, mbali na za mtoto. Na anayekuuzia sabuni ya kuponya pumu ya ngozi, mwache: hakuna sabuni ya namna hiyo, wala wataalamu waliofundishwa katika kituo cha ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, kilichofunguliwa mwaka 1992, hawatakuandikia, bali watakuambia umpake mtoto mafuta yasiyonukia akitoka kuoga, ngozi ingali na unyevu. Ngozi ikianza kutoa maji au usaha, weka beseni chini, umpeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo.