Kamalondo mu ramani za zamani: kile kilichoandikwa na kile kilichoachwa

Mu vitabu vya desturi tunazoea kusoma juu ya ndoa, matanga, methali na ngoma. Ramani, ao karti kama vile wanafunzi wetu wanavyosema, inaonekana kuwa jambo la ofisi: la Leta, la kadastre, la watu wa kujenga. Hata hivyo tumeiweka hapa, kwa sababu namna watu wanavyochora muji wao na kuuita ni desturi pia. Na desturi hiyo inatuongoza hata leo, hata sisi ambao hatujashika plani ya zamani mu mikono.

Tangu Lubumbashi ilipotimiza miaka 100 mu 2010, plani za zamani za Elisabethville zimerudi kupendwa. Wengine wanazitundika ku ukuta, wengine wanaonyesha watoto wao na kusema: «Angalia vile muji ulikuwa muzuri, balabala zote zimenyooka.» Ni kweli, zimenyooka. Lakini sisi tunauliza swali lingine: mutoto wa Kamalondo akitafuta mu plani ile mahali babu yake alikuwa analala, atakuta nini?

Namna muji ulivyochorwa

Tukumbuke kwanza historia. Elisabethville ilianzishwa mu 1910, wakati Emile Wangermée alikuwa mukubwa wa Katanga. Mwaka ule ule reli ya kutoka Rhodesia ilifika, na mu 1911 tanuru la shaba la Union Minière lilianza kazi kando ya muto Lubumbashi. Muji ulichorwa mbele ya kujengwa: balabala zinakatana kama mistari ya daftari ya hesabu, na kila kipande cha udongo kinapimwa. Elisabethville ilikuwa karatasi kwanza, kisha ikawa nyumba na balabala.

Waafrika walioitwa kwa kazi waliwekwa mu cité ya kwanza, karibu sana na muji wa Wazungu. Ukaribu huo haukupendeza wakubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 cité ilihamishwa mbali zaidi, upande wa kusini, mahali palipoitwa Commune Albert, ni kusema Kamalondo yetu ya leo. Nyuma yake Kenya ilizaliwa, na mu miaka ya 1950 Katuba na Ruashi. Watu wa Union Minière wao walikaa mu komponi, ambamo nyumba, posho na hospitali vilitoka mu mukono mumoja, ule wa kampuni.

Sasa tuifungue plani. Upande wa Wazungu inaongea sana: balabala hii ina jina la mufalme, ile jina la muto, posta, tribinali, kanisa, vyote vimeonyeshwa. Ukishuka upande wa Kamalondo, sauti inakatika. Mara nyingi unakuta miraba tu, na juu yake maneno mawili: cité indigène. Soko, mahali pa kuchezea mupira, lupango ambamo watu walikutana kwa kilio, hakuna. Aliyechora alitaka kujua malupango ni mangapi na yanafika wapi. Namna watu walivyoishi ndani yake haikuwa kazi aliyotumwa.

Hatusemi alichora vibaya. Kazi yake ilikuwa ya fundi, na mistari aliyoipiga ndiyo inatusaidia leo kujua cité ilianzia wapi na kuishia wapi. Mutu anayetembea mu Kamalondo leo bado anatembea juu ya miraba ile. Tunasema tu kwamba plani ni maneno ya mutu, na kila neno la mutu linaombwa kupimwa: nani alisema, alilipwa na nani, alikuwa anamwambia nani.

Ukanda wa mbu

Kati ya muji na cité, plani inaacha nafasi nyeupe. Kwa Kifaransa waliiita zone neutre, ao cordon sanitaire. Ilikuwa ukanda wa mita mia kadhaa ambamo nyumba za kukaa zilikatazwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya afya: mbu anamuuma Mweusi mwenye malaria, kisha anaruka kwenda kumuuma Mzungu. Basi wakapima umbali ambao waliamini mbu hawezi kuuvuka, wakauweka kati ya watu na watu.

Malaria si muchezo, na sisi ambao tunaona viti vitupu mu darasa kila masika tunajua hivyo. Lakini sababu ya kiganga ikitumiwa kugawanya muji, inafaa kuulizwa kama sababu zingine. Wengine watatujibu kwamba mbu wa malaria anauma usiku, ndiyo maana Mweusi aliruhusiwa kufanya kazi mu muji mchana na kuombwa kurudi ku cité jioni, kama hana karatasi ya ruhusa. Jibu hilo lingetosha kama lupango la Mzungu halingekuwa na kanyumba ka nyuma. Kanyumba hako kaliitwa boyerie. Boyi, na neno lenyewe linatuuma, alipika, alifua, alibeba mutoto wa bwana ku mugongo, na watumishi wengine walilala palepale, hatua chache toka ku chumba cha bwana. Ni mbu wa namna gani huyu, anayezuiwa na uwanja wa mita mia kadhaa, lakini hapewi kazi ya kuvuka uwanja wa nyumba moja?

Hapo ndipo tunaona udhaifu mukubwa wa plani zile. Inatuonyesha miji miwili iliyotenganishwa vizuri, na nafasi nyeupe katikati. Maisha ya kila siku hayakukubali utengano huo hata siku moja. Muji wa Wazungu haukuweza kunywa chai ya asubuhi bila mutu wa Kamalondo. Yule aliyevuka ukanda kwa miguu kila siku, na yule aliyelala nyuma ya jiko, wote wawili wamepotea mu karatasi. Tena, watoto wanaoangalia plani leo bila kuelezwa wanaweza kuamini kwamba weupe ule ulikuwa pori tu, ao bahati ya mupimaji, kumbe ilikuwa amri.

Watumishi wakashika kalamu

Sasa ni vizuri kujua kwamba watu hawa waliopotea mu plani waliandika muji wao wenyewe. Mu 1965 André Yav aliandika Vocabulaire de ville de Elisabethville, historia ya muji kama walivyoijua watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu. Iliandikwa mu Kiswahili chetu cha hapa, kile tunachoongea ku soko, na mu 1990 Johannes Fabian aliitoa mu kitabu kwa wasomaji wa dunia nzima. Ni ajabu kidogo kwamba inajulikana zaidi mu vyuo vya ng'ambo kuliko mu shule zetu.

Tukiisoma kama ramani, tunakuta mambo ambayo plani haina. Wazungu wanaitwa kwa majina waliyopewa na watumishi, si kwa vyeo vyao. Mahali panajulikana kwa sababu ya jambo lililopata watu pale. Lakini tusiitukuze kupita kiasi. Haina kipimo, miaka inachanganyika, na kumbukumbu ya mutu inaongeza hapa na kupunguza kule. Mwalimu anayeichukua peke yake atakosea sawa na yule anayechukua plani peke yake. Zote mbili zikiwekwa pamoja juu ya meza, moja inaonyesha umbali na ingine inaonyesha nani aliutembea.

Wachoraji wetu nao walifanya kazi hiyo. Tshibumba Kanda Matulu, mu miaka ya 1973 na 1974, alichora historia ya inchi mu picha zaidi ya 100, na picha za namna hiyo zilitundikwa mu nyumba za watu kama ukumbusho. Karibu zaidi na jambo letu, Sammy Baloji, mutoto wa Lubumbashi aliyezaliwa mu 1978, alitoa mu 2013 kazi inayoitwa Essay on Urban Planning. Aliweka picha za muji zilizopigwa toka juu angani pamoja na picha za nzi na mbu waliopangwa kama mu sanduku la museo. Anakumbusha pia picha ya zamani, ya 1929 hivi, juu ya wafanyakazi walioombwa kuleta nzi 50 kwa siku ndipo wapate posho.

Kazi hiyo ina nguvu, kwa sababu inamurudisha mududu mu plani aliyoizaa. Ukiangalia paa za nyumba na kisha mbu, hauhitaji kuelezwa tena. Lakini tunaona mupaka wake pia: Baloji anauangalia muji toka juu, sawa na mupimaji wa zamani, na toka juu mutu hana sura. Kwa hiyo tungependa wanafunzi wakiona kazi ya Baloji wasomewe palepale kurasa chache za Yav, ili wasikie sauti ya wale walio chini ya paa.

Plani inayokaa mu kinywa

Muji umebadilika. Mu Desemba 1957 watu wa Elisabethville walichagua washauri wa komini kwa mara ya kwanza, na cité ikapata bourgmestre wake Mwafrika. Mu 1966 Elisabethville ikaitwa Lubumbashi, Commune Albert ikaacha jina la mufalme, na hospitali ya Prince Léopold ikawa Sendwe. Mu 1990 Jean-Claude Bruneau na Marc Pain walitoa Atlas de Lubumbashi, ambamo komini za watu wengi zinahesabiwa kuwa muji kamili. Tunawashukuru, ingawa ni kitabu cha chuo kikuu na wazazi wachache wamekiona.

Lakini sikiliza watu wanavyoongea. Mutu wa Katuba akitaka kwenda posta anasema: «Niko naenda mu ville.» Yeye anakaa Lubumbashi, analipa kodi Lubumbashi, amezaliwa Lubumbashi, na bado anaondoka cité ili aingie mu ville! Hakuna amri inayomulazimisha, na ukanda wa zamani umejaa nyumba na watu. Plani ya mbu imehama toka ku karatasi, imeingia mu kinywa chetu. Hatusemi watu waache kuongea hivyo. Lugha haipokei amri. Tunasema mutoto ajue neno hilo limetoka wapi.

Kuna dalili kwamba miguu imeanza kugeuka. Tangu 2011 uwanja wa TP Mazembe uko Kamalondo, na siku ya mupira watu wa ville ndio wanashuka ku cité kutafuta nafasi ya kukaa. Babu zetu waliovuka ukanda na karatasi mukononi wangecheka.

Tufanye nini ku shule

Tunapendekeza jambo ambalo halina gharama. Mwalimu wa historia ao wa jiografia achukue kopi ya plani moja ya zamani na kuuliza maswali matatu: nani aliichora, kwa kazi gani, na nini imeachwa. Kisha wanafunzi waende kwa wazee wa kartiye yao, wamuombe kila muzee mahali kumi: palikuwa soko gani, kisima gani, baa gani, nani alitengeneza magitaa, matanga makubwa yalifanyika wapi. Majina hayo yaandikwe mu miraba ile mitupu, pamoja na jina la muzee aliyeyatoa kama anakubali. Wazee wawili wakipishana, yaandikwe maneno ya wote wawili.

Wenzetu wengine wanaogopa. Wanasema: mukianza kuuliza, mutakuta pia mahali pa machungu. Ni kweli. Watakuta kiwanja cha mupira ambako wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walipigwa risasi mu Desemba 1941. Watakuta kambi ya wakimbizi Baluba wa Kasai ya mwaka 1961, iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Watakuta majirani waliofukuzwa mu 1992 na 1993. Mwalimu awe na busara, asigeuze darasa kuwa baraza la mashitaka. Lakini wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mutoto anajua tayari kwamba kuna mambo nyumbani hayasemwi. Ni afazali ayasikie kwa utaratibu, na kutoka kwa pande zote.

Jambo hili halingoji sana. Wale waliokuwa na umri wa kukumbuka Commune Albert ni wazee sasa, na kila mwaka tunawasindikiza wengine ku makaburi. Plani za Wabelgiji ziko salama mu nyumba za arshivu, Brussels na kwingineko, zitatungoja. Wazee hawatatungoja. Basi tuanze na miraba mitupu ya Kamalondo, kisha Kenya, kisha komponi, na kila shule ishike kartiye yake.