Vigololi vya Tantali: Göran Selvik na Upimaji wa Viungo Bandia Vinavyosogea

Kiungo bandia cha nyonga au cha goti hakilegei kwa siku moja. Muda mrefu kabla mgonjwa hajahisi maumivu, kiungo hicho huwa kimekwisha kuanza kusogea ndani ya mfupa kwa vipande vya milimita, na picha ya kawaida ya eksirei haiwezi kuonyesha jambo hilo, kwa kuwa ni kivuli bapa cha kitu chenye pande tatu: mguu ukigeuka kidogo kati ya picha ya mwaka huu na ya mwaka unaofuata, kivuli nacho hubadilika, na mpimaji hana njia ya kutofautisha kiungo kilichosogea na mgonjwa aliyelala vingine. Tangu John Charnley alipoanza nchini Uingereza, mwaka 1962, kuweka nyonga bandia iliyokuja kuwa mfano kwa dunia nzima, aina mpya za viungo zilizidi kuongezeka, ilhali njia ya kuzipima ilibaki ile ile ya kungoja miaka kumi au zaidi na kuhesabu ni vingapi vimelazimika kutolewa.

Ugumu huo ulitatuliwa kwa sehemu kubwa na Göran Selvik wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, ambaye katika tasnifu yake ya mwaka 1974 alieleza steriofotogrametria ya eksirei, yaani upimaji wa mahali kitu kilipo kwa kutumia picha mbili zilizopigwa kwa wakati mmoja kutoka pande mbili. Wazo lenyewe halikuwa geni, kwa maana majaribio ya kupima kwa jozi ya picha za eksirei yalianza miaka michache tu baada ya mionzi hiyo kugunduliwa mwaka 1895. Alichofanya Selvik ni kuunganisha alama, vifaa na hesabu hadi vikawa mfumo mmoja unaoweza kutumika kwa mgonjwa aliye hai.

Wakati wa upasuaji, daktari hupenyeza ndani ya mfupa vigololi vya tantali vyenye kipenyo cha kati ya milimita 0.5 na 1.0. Tantali ni metali nzito inayozuia mionzi vizuri, haishiki kutu na mwili huivumilia, hivyo hata kigololi kidogo kiasi hicho huonekana wazi kwenye picha. Vigololi vingine hupachikwa kwenye kiungo bandia chenyewe. Baadaye mgonjwa hulazwa kwenye kizimba cha plastiki chenye alama zake, ambazo mahali pake panajulikana kwa usahihi mkubwa, na mirija miwili ya eksirei hupiga kwa pamoja. Vivuli vya alama za kizimba huwezesha kukokotoa mionzi ilitokea wapi. Kisha mstari huchorwa kihesabu kutoka chanzo hicho hadi kivuli cha kila kigololi, na pale mistari ya picha mbili inapokutana ndipo kigololi kilipo. Vigololi vitatu visivyokaa katika mstari mmoja vinatosha kueleza mwendo wote wa mfupa, yaani kusogea katika mielekeo mitatu na kuzunguka katika mihimili mitatu.

Sifa kubwa ya njia hii, na pengine isiyosifiwa vya kutosha, ni kwamba inajishuku yenyewe. Umbali kati ya vigololi vilivyomo katika mfupa mmoja haupaswi kubadilika, kwa hiyo kigololi kilicholegea hujifichua na kuondolewa kwenye hesabu. Vilevile mgonjwa hupigwa picha mara mbili siku moja, akiinuka na kulazwa upya. Kwa kuwa kiungo hakiwezi kuwa kimesogea katika dakika hizo, tofauti yoyote inayopatikana ni kosa la upimaji, na kila kituo hulazimika kulitangaza kosa lake. Kwa nidhamu hiyo, kusogea kwa sehemu ya kumi ya milimita kunaweza kupimika pale ambapo picha ya kawaida huhitaji milimita kadhaa.

Matunda yalionekana mikononi mwa wengine. Mwaka 1994 Johan Kärrholm na wenzake walichapisha ufuatiliaji wa vikonyo 84 vya nyonga bandia, yaani sehemu zinazoingia ndani ya mfupa wa paja, vilivyoshikizwa kwa saruji ya mifupa, wakaonyesha kwamba kikonyo kilichozama milimita 1.2 au zaidi katika miaka miwili ya kwanza kilikuwa na uwezekano wa zaidi ya asilimia 50 wa kuhitaji kubadilishwa. Mwaka uliofuata Leif Ryd na wenzake waligundua jambo la namna hiyo kwenye goti: sehemu ya kiungo iliyowekwa juu ya muundi, ikiendelea kusogea katika mwaka wa pili, huelekea kulegea. Muongo wa kungoja ukawa miaka miwili, na badala ya maelfu ya wagonjwa wakatosha makumi machache. Saruji iliyoitwa Boneloc, iliyouzwa kwa sifa ya kutotoa joto jingi inapoganda, ilipimwa kwa njia hii ikaonekana haishiki vizuri, nayo iliondolewa sokoni mwaka 1995. Kwa bahati mbaya ilikuwa imekwisha kuwekwa kwa wagonjwa wengi, na hapo ndipo hoja ya mtafiti Henrik Malchau ya kuingiza viungo vipya hatua kwa hatua ilipopata uzito.

Hata hivyo namba ya milimita haijitoshelezi. Kikonyo cha Exeter, chenye uso uliong'arishwa na umbo la kabari, huzama takriban milimita moja ndani ya saruji kwa makusudi ya waliokibuni, na bado hudumu kwa miaka mingi. Anayekihukumu kwa kiwango cha vikonyo vingine atakikataa bure.

Tasnifu ya Selvik ilichapishwa upya mwaka 1989 kama nyongeza ya jarida la mifupa la nchi za Skandinavia, miaka 15 baada ya kuandikwa, hivyo marejeo yake hugawanyika kati ya matoleo mawili, na idadi ya marejeo inayotaja jina lake ni ushahidi dhaifu wa uzito wake. Ushahidi bora ni kiwango cha kimataifa cha ISO kilichotolewa mwaka 2013 kuhusu upimaji huu, na mbinu za Leiden, Uholanzi, zinazotumia umbo la kiungo chenyewe badala ya vigololi vilivyopachikwa juu yake. Siku hizi zipo pia mbinu za tomografia ya kompyuta zinazojaribu kuviondoa hata vigololi vya mfupani, nazo hulinganishwa na njia ya mwaka 1974 ili ijulikane kama zinapima sawasawa.