Wasiwasi wa Padri katika Riwaya: Ugonjwa au Jaribu?

Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et spes ya mwaka 1965, uliwaagiza wachungaji watumie pia psikolojia, yaani elimu ya nafsi. Na katika namba ileile ya 62 ukasifu kazi ya waandishi. Marehemu Papa Fransisko naye, katika barua yake ya mwaka 2024, alitaka usomaji wa riwaya upewe nafasi ya kweli katika malezi ya mapadri. Basi elimu ya nafsi na riwaya zimekutana mezani pa mfratri, wala hazipatani sikuzote. Mfratri amesoma psikolojia kidogo. Anapewa kitabu cha Bernanos. Hajafika nusu, amekwisha kuandika pembeni mwa ukurasa: huyu ana nevrozi. Twataka kuuliza kama huko ni kusoma.

Zamani waganga waliita nevrozi lile hangaiko la nafsi lisiloondoa akili: mtu anajua kwamba hofu yake imepita kiasi, walakini hawezi kuiacha. Kitabu cha waganga wa Marekani cha kupanga magonjwa ya nafsi, tangu mwaka 1980, hakipangi tena magonjwa chini ya jina hilo. Ajabu ni kwamba katika masomo ya riwaya jina lingali hai, kama shati kuukuu ambalo baba amelitupa na mtoto amelivaa.

Aliyeanza kazi hii kwa utaratibu ni Sigmund Freud, mganga wa Vienna. Mwaka 1907 alitoa kitabu kizima juu ya hadithi moja ya Wilhelm Jensen, iitwayo Gradiva. Ndani yake kijana Norbert Hanold, mtaalamu wa mambo ya kale, ameshikwa na upendo wa msichana aliyechongwa katika jiwe, hata anasafiri mpaka magofu ya Pompeii kutafuta nyayo zake. Anayemponya ni Zoe, aliyecheza naye utotoni, naye Hanold alikuwa amemsahau. Freud alifasiri ndoto za Hanold kana kwamba Hanold amelala usingizi wa kweli. Tumpe haki yake: alikiri kwamba waandishi wamewatangulia waganga katika kuujua moyo wa mtu, na alisoma kwa uangalifu kuliko wengi wanaomtaja leo. Lakini mgonjwa akija kwa mganga anaulizwa habari za mama yake, naye anajibu. Hanold hawezi kujibu neno ambalo Jensen hakuliandika. Freud mwenyewe alimwandikia Jensen barua kumwuliza zaidi. Mtu wa riwaya hana utoto ila ule aliopewa na mwandishi. Anayemtafutia mwingine, anaanza kutunga riwaya yake mwenyewe.

Tuje sasa kwa padri wa Ambricourt, katika Journal d'un curé de campagne, kitabu ambacho Georges Bernanos alikitoa mwaka 1936. Ni padri kijana katika kijiji cha kaskazini ya Ufaransa, na habari zote twazisoma katika daftari yake. Dalili hazikosi. Halali usiku. Hawezi kusali. Anadhani watu wanamcheka, na mara nyingine wanamcheka kweli, hata wasichana wa katekismo. Ameandika kurasa, kisha amezichana. Tumbo lake halipokei chakula ila mkate uliochovywa katika divai. Ametoka katika ukoo wa maskini wenye kunywa pombe, na sehemu ya utoto wake aliipitisha katika kilabu cha shangazi yake. Mwenye kupenda majina ya magonjwa amepata shamba la kuvuna!

Walakini angalieni jinsi Bernanos anavyowatega wapimaji wote. Wanakijiji wanasema: padri ni mlevi. Padri wa Torcy, rafiki yake mkubwa kwa umri, anasema: ni mwili dhaifu wa ukoo wa walevi. Msomaji wa leo anasema: ni nevrozi. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Kisha padri anakwenda Lille, na mganga Laville anamwambia kwamba ana kansa ya tumbo. Maumivu aliyoyaonea haya miezi yote, na divai ile iliyomharibia jina, yalikuwa na sababu katika nyama ya mwili wake. Tena mganga huyo ni mtumwa wa morfini, naye anajua kwamba maisha yake yamehesabiwa. Na mganga mwingine, Delbende, aliyewahurumia maskini, alikwisha kufa kwa bunduki yake mwenyewe, wala kitabu hakitwambii waziwazi kama ni ajali. Katika riwaya hii wenye kupima hawana afya kuliko wanaopimwa. Sisi twaona kwamba hilo si jambo la bahati.

Kuna ukurasa mmoja ambao jina nevrozi laujia likashindwa. Mke wa Konti amefunga moyo wake tangu alipofiwa na mwana wake mdogo. Kwa miaka mingi ameshika adabu ya dini, na ndani anamchukia Mungu. Padri anakwenda kwake bila hotuba tayari, akiwa mgonjwa, akishindwa karibu kusimama. Wanashindana kwa maneno. Mwishowe mama huyo anatupa motoni kidani chenye nywele za mtoto, na padri anaingiza mkono motoni kukiokoa. Usiku uleule mama anakufa katika amani. Asiyeweza kusali amempa mwingine amani ambayo yeye mwenyewe hana. Psikolojia yaweza kueleza kwa nini mama alilia. Haiwezi kueleza kwa nini padri, mwenye kujiangalia kila saa, katika saa ile alijisahau kabisa.

Lakini tusiwapendelee wacha Mungu wenye haraka. Kuna walimu wanaopitia kitabu hiki wakitaja usiku wa roho wa Mtakatifu Yohane wa Msalaba, basi yamekwisha. Divai mbaya, machozi, na damu anayoitapika, hawavigusi. Nao pia wametoa jina kabla ya kusikiliza. Jina lao ni zuri zaidi, hiyo tu ndiyo tofauti.

Mwenzake wa kwetu ni Pierre Landu, katika Entre les eaux ya V. Y. Mudimbe, iliyotoka mwaka 1973 na kupata tuzo la Kikatoliki la fasihi huko Ufaransa mwaka 1975. Mudimbe alizaliwa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na aliishi kwanza kati ya Wabenedikto huko Rwanda. Landu ni padri aliyesomea Roma; anaiacha misioni kwenda msituni kwa wapiganaji, nao hawamwamini. Barua aliyomwandikia askofu inamtia katika hatari ya kuuawa. Anaokoka, anaoa, anaacha, na mwisho anaingia monasteri kwa jina jipya. Yeye hahitaji Freud aje kumpima: anajipima mwenyewe, mchana na usiku, kwa Kilatini na kwa Kifaransa. Kila tendo lake linageuka kuwa mtihani wa dhamiri usio na ondoleo. Hapo twakubali neno hangaiko la ugonjwa kwa urahisi zaidi kuliko kwa Ambricourt. Hata hivyo Freud alitenganisha hofu ya hatari iliyopo na hofu ya nevrozi, na wanaosema juu ya Landu husahau tofauti hiyo. Kanisa lililofika pamoja na serikali ya kikoloni si ndoto ya Landu. Msomaji wa Kongo anayekumbuka vita vya mwaka 1964 hatasema kwamba hofu hiyo yote imetoka utotoni.

Muungamishi anawajua watu wa namna hii: anayerudia dhambi ileile kila Jumamosi, ingawa amekwisha kuondolewa. Wengine huambiwa wana kichwa kibovu, wengine husifiwa kwa dhamiri safi, na kuna wanaohitaji kupelekwa kwa mganga bila kuchelewa. Daftari ya Ambricourt humzoeza padri kungoja kidogo kabla ya kuchagua.

Kwa wafratri wa falsafa twapendekeza Bernanos kwanza, na Mudimbe mwaka unaofuata. Filamu ya Robert Bresson ya mwaka 1951 ni nzuri, lakini isitangulie kitabu. Na kurasa za mganga Laville zisomwe mara mbili.