Mstari wa Tatu Ndio Ulioharibu

Mkufunzi wetu wa Jumamosi aliharibu somo lake la programu kwenye mstari wa tatu wa msimbo. Masharti ya mwanzo, 0 na 1, aliyaweka sawasawa. Kisha akaiacha funksheni ijiite mara mbili, kwa n−1 na kwa n−2, akajumlisha, akauita huo urembo wa urejeshi. Akaagiza namba ya 40 ya Fibonacci, na sote tuliotazama tukabaki tunangoja.

Tukingoja nini? Jibu ni 102334155, na kwa penseli ni majumlisho 39. Lakini tawi la 39 halijui tawi la 38 limekwisha kokotoa nini. Kila moja linaanza upya kutoka chini. Namba ya 38 inatafutwa mara 2, ya 37 mara 3, ya 36 mara 5, ya 35 mara 8. Upotevu wenyewe unafuata Fibonacci! Ukishuka hadi namba ya 10, imetafutwa mara 1346269. Miito yote ni 331160281. Tena angeagiza namba ya 50, tungengoja takriban mara 123 zaidi. Naye akailaumu kompyuta kwa uzee! Angeshika namba mbili za mwisho tu, akazisogeza mbele, jibu lingetoka papo hapo hata kwenye kompyuta hiyo hiyo.

Muda wa kueleza hilo ulikuwepo. Aliumalizia kwa mifano ya Fibonacci ya sungura na maua ya alizeti, mapambo ambayo nayapinga kwa sababu hayamfundishi mtu gharama ya hesabu.

Édouard Lucas, Mfaransa aliyeupa mfuatano huu jina la Fibonacci, hakupoteza hatua hata moja. Mwaka 1876, bila mashine, alithibitisha kwamba 2^127−1, namba ya tarakimu 39, ni namba tasa. Silaha yake ilikuwa kanuni fupi kuliko ya Jumamosi: zidisha namba kwa yenyewe, toa 2, bakiza baki la kuigawanya kwa namba inayopimwa. 3, 7, 47, 2207. Kila hatua inaruka kutoka nafasi ya n hadi ya 2n katika mfuatano unaojumlishwa kama wa Fibonacci. Rekodi hiyo ya namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana ilidumu hadi 1951.

Mkufunzi ametuahidi Mnara wa Hanoi, mchezo ambao Lucas huyo huyo aliutoa mwaka 1883. Pale miito miwili aiache ilivyo: diski 10 zinadai hatua 1023, na hakuna hatua ya kupunguza.